Vigelegele Vitaniangusha

Mpendwa mshauri, nakusihi kila neno humu libaki siri, na ukilazimika kuchapisha, badilisha majina yote, maana hapa Nyeri tunajuana. Naomba msaada.

Mimi ni karani wa miaka ishirini na minne, na tangu utotoni kishindo chochote, mlango ukibamizwa au muhuri ukigongwa mezani, hunikakamaza mwili mzima nikaanguka kama gogo, na pale chini huwa nasikia kila kitu, hata Wamae wa ofisini, ambaye hugonga muhuri makusudi, akicheka, "Ati mlingoti umeanguka tena!" Daktari alinieleza kwamba ujumbe wa kutuliza misuli hutumwa vizuri, lakini vipokezi vyake, vilivyo pale seli mbili za neva zinapokutana, hushikiliwa na protini kama mbuzi kwenye kigingi, na mimi nilizaliwa na kigingi kilicholegea, vipokezi havitulii mahali pake. Kidonge cha kila siku kilikuwa kimenisaidia sana, ila mwezi ujao Mwai analeta wazee wake kwetu Mukurweini, nami nitafunikwa leso pamoja na wasichana wengine ili anichague, na akinifunua tu akina mama watapasua vigelegele kwa mpigo mmoja, nianguke mbele ya wakwe, waseme nina mapepo. Mwai hajui lolote, na nikihofia ataona vidonge mkobani nimeanza kumeza nusu, na wiki hii nimeanguka mara tatu. Je, nivunje uchumba?

Usinipigie simu, mlio hunishtua. Tuma ujumbe kwa nambari iliyo nyuma ya bahasha, saa saba mchana, nikiwa peke yangu.

Karani mwenye hofu

*

Binti yangu, pole. Sasa acha nikugombeze. Nani alikufanya daktari wako mwenyewe? Seli zako zimekizoea kidonge hicho, zimepanga hata vipokezi vyake zikikitegemea. Ukikipunguza kiholela unaweza kujiletea kifafa ambacho huna. Kesho asubuhi rudi kliniki, sema ukweli wote, na umeze utakachoambiwa.

Uchumba usiuvunje kwa jibu ambalo hujamsikia Mwai akilitoa. Mwambie Jumapili hii, baada ya ibada, mkiwa mmeketi. Mwambie pia kwamba hali hii huweza kurithiwa, kisha mwende kwa daktari pamoja. Akikimbia, heri akimbie kabla mbuzi wa mahari hawajafika! Lakini mwanamume anayekusanya wazee kwa ajili yako sidhani atashindwa na kidonge.

Huyo Wamae, mripoti kwa mkubwa wenu. Mchezo wake utakuvunja shingo.

Siku yenyewe, keti kwenye mkeka, usisimame. Chagua shangazi mmoja aanzishe vigelegele peke yake, polepole, wengine wadakie baadaye. Desturi haijawahi kudai kishindo, inadai furaha.

Na Mwai mfundishe namna ya kukufikia. Asije kwa nyuma. Akishakuchagua, asimame mbele yako aseme kwa sauti ya chini, "Ni mimi." Asubiri umjibu. Ndipo aishike leso.