Shati la Kalamu Kali

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali usinicheke, maana mimi hata darasani nikiulizwa swali najibu kwa sauti ambayo aliyekaa mbele yangu haisikii, na haya ninayokuandikia sijamwambia mtu.

Nina miaka kumi na sita na ninaishi kwa mjomba, kaka wa marehemu mama, ambaye ni fundi cherehani na jioni anafundisha timu ya mpira ya vijana wa mtaani, timu inayojulikana kwa mambo mawili, kusali katikati ya uwanja kabla ya mechi na kufungwa baada ya hapo, mpaka wapinzani wameibatiza Timu ya Amina, na kila bao likiingia uwanja mzima unaitikia, "Aminaaa!" Mwaka jana walikuja watu wa filamu, wakakipenda kisa hicho, wakatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu kijana wa timu anayekua na kuanza kujiuliza kama kweli Mungu anaangalia mpira, na mjomba wakampa aigize kocha, yaani ajiigize mwenyewe.

Ilipotoka, gazeti moja liliisifu kwamba inachangamsha roho, mtangazaji mmoja wa redio akasema ni mahubiri yaliyovaa njumu, mjomba akacheka, "Heri njumu kuliko peku!" Sasa Shangazi, mimi ndiye ninayeandika uhakiki kwenye gazeti la shule, kwa Kiingereza, kwa jina la Kalamu Kali, na anayejua ni mwalimu wa gazeti peke yake. Wenzangu walikuwa wameicheka filamu wiki nzima, nikaogopa kuonekana mshamba, nikaandika kwamba kocha anasali kama mtu anayeita gari lililokwisha kuondoka, na kwamba upepo unaoingiza penalti ya mwisho ni muujiza wa rejareja, na kwamba filamu inataka tuamini Mungu ana timu anayoishangilia. Shule nzima ilicheka. Nilisikia maneno yangu yakisemwa kwa sauti kubwa kwa mara ya kwanza maishani, na nilifurahi, siwezi kukudanganya.

Basi mchezaji mmoja akaliona gazeti lina picha ya mjomba, hakulisoma, akalipeleka mbio kwenye kibanda cha kushonea. Mjomba hajui Kiingereza. Akanipa mimi. "Mama, wewe ndiye msomi wetu, hebu nitafsirie. Wanasemaje?" Nikautazama uso wake, ulimi ukaenda wenyewe, nikasoma visivyoandikwa. Nikasema mwandishi amependa pale timu imefungwa saba bila, kocha anarudi peke yake kushona jezi iliyochanika, anamwambia Mungu, "Mimi sikukuomba kombe. Nilikuomba kesho waje mazoezini." Nikasema mwandishi alilia hapo. Mguu wa mjomba ukasimama juu ya kanyagio la cherehani, halafu akasema, "Huyu mtoto ana moyo. Ningemjua ningemshonea shati."

Gazeti amelikunja, analiweka kwenye kopo la vifungo, na kila mteja anaonyeshwa. Juzi muuguzi aliyeleta sare kupunguzwa alilisoma mpaka mwisho, akanitazama, akalirudisha kwenye kopo bila neno. Na Jumamosi filamu inaonyeshwa tena katika ukumbi wa shule yetu, mjomba ameombwa kusema machache, naye amepanga nisimame niusome uhakiki ule kwa lugha zote mbili. Nikisoma ulioandikwa namvunja moyo mbele za watu, nikisoma ule wangu wa mdomoni shule nzima itajua ni uongo. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kuliiba gazeti. Nifanyeje?

Kalamu Butu

Marahaba, Kalamu Butu.

Pole, mwanangu. Umejishona mwenyewe ndani ya nguo. Tufumue.

Kuugua usijaribu, ugonjwa wa kusingizia unapona Jumapili na tatizo unalikuta mlangoni. Gazeti nalo liache koponi. Kama ni kumwibia mjomba wako, umekwisha kumwibia vya kutosha.

Nikuulize: pale pa jezi ulilia kweli? Usinijibu, najua. Mtu anayetunga uongo kwa haraka huokota kilicho karibu, na hicho ndicho kilichokuwa karibu na moyo wako. Kwa hiyo uongo ulioanza kuniudhi si wa kibandani, ni wa gazetini. Uliyakalia machozi yako usije ukachekwa na darasa. Mhakiki ana haki ya kuwa mkali, na ule upepo wa penalti hata mimi niliusonya. Lakini mhakiki anayeficha kilichomgusa ni mwamuzi anayemeza kipenga bao likiingia. Na ile ya gari lililoondoka si uhakiki, ni kumcheka mtu akisali. Hiyo utamwomba radhi. Kwa upepo usimwombe kitu.

Halafu unasema utamvunja moyo. Huyo? Mtu anafungwa kila wiki, anaitikiwa amina na uwanja mzima, kesho yake yupo na filimbi shingoni! Aya zako hazimwangushi. Kitakachomwumiza ni kuzisikia kwa mteja.

Basi iwe leo, usingoje Ijumaa. Yule muuguzi amekuachia nafasi kwa huruma, usimchoshe. Ngoja wateja waondoke, na sindano iwe imesimama. Litoe gazeti, keti, sema, "Mjomba, siku ile nilikudanganya, na aliyeandika ni mimi." Kisha msomee yaliyomo, yote, na ile ya gari usiilainishe. Akinyamaza, nyamaza naye. Usikijaze kimya chake maelezo. Ndipo umwambie ya jezi, kwamba hayo hukuyatunga.

Ukitoka hapo andika uhakiki mpya, upepo ubaki, jezi iingie, na chini weka jina lako la nyumbani. Mwalimu wa gazeti aubandike ubaoni. Kama utasomwa Jumamosi au la, aamue mjomba. Sauti yako ni ndogo, najua. Wanaotaka kusikia watasogeza viti.

Na ikiwa baada ya yote hayo bado atataka kumshonea mwandishi shati, usikatae, wala usianze kulia. Simama wima, nyoosha mikono, upimwe.