Bonde Kwenye Grafu

Jumatatu, 3 Juni

Siku nne kabla ya kuwatangazia waandishi wa habari. Profesa kaingia ofisini akipiga mluzi — yeye! Miaka kumi na tisa wamemwita Mzee Bonde, kwa kejeli, maana alishikilia kwamba nyota tunayoichunguza ina bonde kwenye grafu yake. Ni nyota mfu, inanyonya gesi ya mwenzake na kutoa eksirei. Kama usumaku wake ni mkali anavyodai, utameza eksirei za nishati fulani, na grafu itabonyea hapo. Mwezi uliopita nikaliona mimi. Bonde safi! Profesa alilia mbele ya fundi wa mitambo, wala hakuona haya.

Mama keshawatangazia majirani wote. Nimemkanya, kapuuza.

Jumatano, 5 Juni

Sijala.

Nilitaka picha ya kupamba ukuta tu: grafu yetu, na kando yake ya lile wingu la nyota iliyolipuka, tunalolitumia kupimia usahihi wa kipokezi chetu cha eksirei. Grafu ya wingu huwa nyoofu, ndiyo maana tunaiamini. Nikaichora kwa data ya mwezi uleule. Ina bonde. Mahali palepale!

Basi si nyota. Ni kipokezi chetu.

Ukaguzi huu hufanywa kwanza, kabla ya kushangilia. Mimi nilitumia faili la wingu la mwaka jana. Profesa alisema linatosha, nami nilikuwa na hamu ya kuamini. Kisha nikaandika kwenye ripoti: bonde limekaguliwa. Nikatia sahihi. Najichukia.

Nimemwonyesha fundi. Kakuna kichwa, akasema kipokezi kilipozidi joto Februari alimwandikia Profesa barua. Mimi sikuiona.

Alhamisi, 6 Juni

Nimemwambia Profesa. Alizitazama grafu mbili, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Hakuuliza kama nina hakika. Hilo ndilo lililonikata maini. Nikataja barua ya fundi. Akasema barua huwa nyingi. Akasema nimechoka, nipumzike — na mkataba wangu unafika kwenye kamati wiki ijayo.

"Mwanangu, nimebakiza miezi mitatu nistaafu. Niachie hii."

Nilimwonea huruma. Bado namwonea, na ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 7 Juni

Naandika ukumbini, safu ya pili, daftari magotini. Asubuhi nilimwomba aahirishe. Alinigusa bega, akapita.

Mama yuko nyuma, kavaa gauni jipya. Grafu iko ukutani, kubwa kama mlango. Profesa anaongea vizuri, sauti ya kijana.

Mwandishi mmoja kauliza: mmejuaje si hitilafu ya chombo? Swali la maana. Profesa anatabasamu. Ananinyooshea kidole. Anasema aliyekagua na kutia sahihi ni mimi, nitaeleza mwenyewe.

Kipaza sauti kinapitishwa mkono kwa mkono. Grafu ya wingu imo humu daftarini, ukurasa wa mwisho, nimeikunja mara nne. Vimebaki viti viwili. Nageuka nimtazame Mama. Kasimama, anapiga makofi peke yake —