Nilivyomkana Zuhura

Alhamisi, baada ya alasiri. Mvua ya masika imekatika lakini paa bado linadondoka, na mimi situlii. Nimeketi, nimesimama, nimekwenda mlangoni mara sita. Chai ilipoa nikaimwaga, nikachemsha nyingine, nayo imepoa.

Leo alikuja Mkaguzi wa shule, Mwingereza, kutoka Lindi. Alikuja kumsikiliza Zuhura.

Zuhura ni mwanafunzi wangu wa darasa la nane. Shule ya bweni ya wasichana imetoa nafasi moja tu kwa upande wetu huu wa Kilwa, na mtihani wa kuandika alishaupita. Ulibaki wa leo, wa kusema kwa mdomo. Baba yake, mvuvi aliyehamia hapa kutoka Songo Songo, ameshasema kwamba akiikosa nafasi hii masomo yamekwisha. Posa imekwisha letwa, na baba hataki kuwaweka watu wa watu.

Sasa nikiri.

Kuyaweka majina ya Kiingereza katika wingi kulinitesa tangu nikiwa mwanafunzi. Mengi yanatii, unaongeza s mwishoni na safari inaendelea. Lakini yako yale makaidi, hayana sheria wala adabu, na kitabu kinasema tu yahifadhiwe kwa moyo. Sisi watu wa pwani tukiambiwa tuhifadhi, tunajua njia moja, ya chuoni, ya kuhifadhi Kurani. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo kule Tingi, na nimekua nikiwasikia watoto wakiyumba na kusoma kwa sauti moja. Basi niliyapanga makaidi yote thelathini, nikayatia mahadhi, darasa likayumba. Man, men. Woman, women. Child, children. Baada ya wiki mbili hakukosea hata mmoja.

Ila mambo ya chuoni yana desturi yake. Muulize mtu aya ya katikati ya sura, atarudi mwanzo, aivute mpaka aifikie. Sisi hatuoni kasoro, maana mwishowe hufika.

Mkaguzi anaiona. Mwaka juzi alitukuta tukiimba, akanikataza, nikatia sahihi kwamba nimeacha. Sikuacha. Ningeachaje kitu kinachofaa? Na kama kinafaa, mbona sikumwambia hivyo usoni? Niliogopa, basi.

Leo alimuuliza Zuhura wingi wa kisu. Mtoto akafumba macho, akaanza: man, men. Mkaguzi akamkatiza, akarudia swali polepole, knife, kama anayesema na kiziwi. Zuhura akarudi mwanzo tena, safari hii kwa haraka, mabega yakiyumba. Mkaguzi akainua mkono. Yalibaki maneno manne tu akifikie kisu. Najua, nilikuwa namfuata kimoyomoyo.

Kisha Mkaguzi akanigeukia mimi, akaniuliza kama bado nawafundisha kwa kuimba.

"Hapana, bwana," nilisema. "Huyu ni mzito kidogo. Wenzake hawako hivyo."

Nilisema kwa Kiingereza safi. Na Zuhura anakielewa Kiingereza, kwa sababu nilimfundisha mimi.

Hakuniangalia. Alikunja mikono akatazama ubao. Mkaguzi aliandika mstari mmoja, akasema ripoti ataondoka nayo kesho asubuhi. Usiku huu analala kilimani, kwenye nyumba ya wageni wa serikali.

Nilidhani hapo ndipo pabaya pa siku yangu. Kumbe bado.

Kabla ya alasiri nilisikia hodi. Alikuwa Bi Mwanaidi, mama yake Zuhura, kanga imelowa, mkononi ana sahani ya vitumbua iliyofunikwa kawa. Nilimkaribisha akakataa kuketi.

"Mwalimu, tuwie radhi," akasema. "Mtoto kaniambia yote. Anasema wewe ulimfundisha vyema, yeye ndiye aliyezembea, akakuaibisha mbele ya mgeni."

Nilimuuliza kama Zuhura alisema neno jingine lolote. Akasema hakusema, amelia tu, na sasa amelala.

Nikamjibu kwamba si kitu, mambo haya hutokea. Nikapokea na vitumbua.

Nilivipokea.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka miwili, na ingeendelea, kwa kuwa msichana wa miaka kumi na minne ameamua kunisitiri. Mimi, mtu mzima, mtoto wa mwalimu wa chuo, nilimvua nguo kwa maneno mchana kweupe ili niokoe kazi yangu. Naona haya hata kuiandika.

Kazi naweza kuikosa. Mke wangu yuko Mitwero kwa mama yangu, anakaribia kujifungua, na tangu mchana namtumia yeye kama kisingizio. Hakuna aliyeniomba niseme uongo kwa ajili yake. Angekuwapo hapa, angenitoa nje kwa mwiko.

Nimevaa viatu. Nitamwambia Mkaguzi kwamba naimbisha, kwamba nilimdanganya, na kwamba amwite Zuhura tena amwache aanze mwanzo mpaka afike. Atakubali? Sijui.

Lakini kabla ya kilimani napita kwao. Nataka Bi Mwanaidi asikie, mbele ya mwanawe, ni nani aliyemwaibisha mwenzake leo. Najijua. Nikienda moja kwa moja kwa mzungu, naweza kughairi njiani. Nikishamwambia mama huyu, sitakuwa na pa kurudi.