Fungate ya Iskandaria

Al Sadd, Doha
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Mimi mzima, ni wasiwasi tu unaonisumbua. Magoti yako yanaendeleaje? Na masikio je? Nimeamua kukuandikia ujumbe wa simu, maana juzi tulipoongea nilipiga kelele hadi wenzangu chumbani wakaamka, na wewe ukaishia kuniuliza nani kafariki. Hakuna aliyefariki, Shangazi.

Habari yenyewe ni hii. Bwana wangu Amiri kapata likizo, na mimi nimepata, kwa mara ya kwanza wakati mmoja. Anataka tukatembee Iskandaria, kule Misri, wiki nzima. Katika lile duka kubwa analolinda, kituo chake kinatazamana na ofisi ya mambo ya safari, na dirishani pana picha ya mji huo, bahari na maghorofa meupe. Ameitazama miaka mitatu akiwa amesimama wima. Sasa anataka kuiona akiwa amekaa.

Wewe ndiye somo yangu uliyenifunda, kwa hiyo nitasema bila kuficha. Huu mwaka wa pili tumeoana na sijawahi kulala chumba kimoja na mume wangu. Ndoa yenyewe unaijua: yeye alikuwa huku Doha, mdogo wake Salum akasimama kuwa wakili wake, na bwana harusi akasikiliza kwa simu. Nilipopata kazi ya hoteli hapa nikadhani dhiki imekwisha. Wapi! Mimi nakaa nyumba ya wasichana wa kampuni, yeye yuko Industrial Area, mtaa wa viwanda, chumba kimejaa wanaume na vitanda vya juu na chini. Ijumaa tunakutana, tunakula, tunaagana kama watu waliokutana foleni ya hospitali.

Damaris, Mkenya tunayesafisha naye vyumba, amepanga chumba mtaa wa Najma. Ijumaa moja alitukabidhi ufunguo tukae wawili. Amiri akaukataa, eti si heshima. Damaris akaniambia, "Wee Warda, huyo bwana yako ako sawa kweli?" Nilicheka, lakini swali lenyewe limenikaa kichwani.

Naogopa. Kama hanitaki, nitajua hukohuko. Niombee dua.

Binti ya kaka yako,
Warda


Tanga, 8 Novemba 2025

Warda mwanangu,

Waalaykum salaam, marahaba. Magoti yapo, yananipeleka msalani na kunirudisha. Masikio usiyaulize. Macho bado yangu na kusoma nasoma mwenyewe, hivyo andika yote bila kuona haya.

Hiyo si likizo, mwanangu, hiyo ni fungate yenu iliyochelewa njiani. Na fungate ni ndani, siku saba, mlango umefungwa. Maghorofa yatatazamwa na wasio na kazi. Chukua kanga zako mpya, chukua udi na chetezo. Fukiza chumba, fukiza nguo, fukiza nywele. Mwanamume akiingia asikumbuke alikotoka.

Ila mchunguze. Mwanamume aliyeoa halafu akakataa ufunguo ana lake jambo. Isije ikawa una mke mwenzio huko na mimi nimekaa hapa nakutungia dua za watoto. Usiku huu sijui kama nitalala.

Shangazi yako,
Time


Iskandaria, 14 Novemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Tumefika salama na afya tunayo, ila miguu sina. Huyu mtu ananitembeza! Juzi ngome ya Qaitbay, mawimbi yanaruka ukuta na kutulowesha mbele za watu. Jana makaburi ya kale ya chini kwa chini, kisha bustani za Montaza. Leo soko la samaki la Anfushi, halafu mikate ya maini barabarani, tumekula tumesimama. Mji huu hauna kimya. Watu wanapiga honi kusalimiana, wanapiga honi kugombana, na wakishapatana wanapiga tena. Mchana Amiri ni mume wa kupigiwa mfano: ananivusha barabara, ananishikia mkoba, ananichekesha.

Tukiingia chumbani anageuka mlinzi. Anakaa kiti cha karibu na mlango, viatu miguuni, ananiambia, "Lala, umechoka." Asubuhi namkuta palepale, shingo imepinda.

Siku tuliyofika, mapokezi walitaka cheti cha ndoa. Alikitoa huku ametazama chini, kana kwamba kakiiba. Nikakumbuka maneno yako ya mke mwenza, na tangu hapo namchunguza. Leo nimemuuliza kama anaumwa. Haumwi. Nikamuuliza kama yuko mwingine. Akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi, akasema kesho tutakwenda kuona ile Maktaba kubwa ya mji.

Kesho siendi Maktaba wala popote. Nitafukiza ule udi, liwalo na liwe.

Warda wako


Iskandaria, 15 Novemba 2025, jioni

Shangazi,

Salamu utanisamehe, nina haraka ya kukueleza.

Amiri alikwenda msikitini kuswali adhuhuri. Nikawasha makaa, nikatia udi, nikajifunga kanga. Huko Doha udi unafukizwa mpaka ukumbini kwa wageni na hakuna kinacholia. Nikasahau kwamba chumba cha hoteli kina kitambua moshi darini. Mimi, Shangazi, niliyesafisha vyumba mwaka mzima nikiwalaani kimoyomoyo wageni wanaovuta sigara ndani! King'ora kikalia hoteli nzima.

Watu wakatoka na mataulo. Na katikati ya mayowe nikasikia sauti ya Amiri akipanda ngazi wakati wote wanashuka: "Ngazi, si lifti! Shwai shwai, yalla!" yaani polepole, twendeni. Akambeba bibi mmoja wa Kimisri mgongoni. Tulipofika wote barabarani, meneja akafoka, na Amiri akasema kosa ni lake. Kisha akanigeukia.

"Udi wa nini, Warda?"

"Wa fungate. Shangazi alisema..."

"Shangazi tena!"

Akakaa ukingoni mwa barabara. Sijawahi kumwona hivyo. Akasema: "Siku ya ndoa nilikuwa kwenye simu. Sheikh akakuuliza kama umeniridhia, nikasikia kimya. Akauliza tena, kimya. Mara ya tatu ikajibu sauti ya mtu mzima: 'Keshakubali huyu, endelea.' Haikuwa sauti yako. Mimi nitamgusaje mwanamke ambaye sijui kama alinitaka? Mchana nakutembeza ufurahi. Chumbani naogopa." Halafu akasema: "Sasa nakuuliza mimi. Kama ni hapana, tukirudi Doha nitakuacha kwa wema, na watu wa Tanga nitawaambia kosa langu."

Shangazi, sikuweza kufungua mdomo. Nilisimama na kanga yangu nanuka udi, kimya kilekile. Akaungoja mdomo wangu, kisha akainuka akaenda zake upande wa bahari. Mvua imeanza na hajarudi.

Ni wewe uliyejibu? Na mimi siku ile nilitaka nini? Najaribu kukumbuka, sikumbuki.

Warda


Tanga, 15 Novemba 2025

Warda,

Ni mimi. Ulitaka nani ajibu? Mwali gani anapayuka mbele ya wanaume? Ulikuwa umeinama umefunikwa, unalia kama wanavyolia wote, na kilio cha mwali ni ndiyo. Mimi nilijibiwa na somo yangu, na mama yako nilimjibia mimi. Hakuna aliyekufa.

Mjibu upesi. Mwanamume anayekupa nafasi ya kumkataa hapatikani sokoni. Na hilo la mke mwenza nilisema mimi, nalifuta.

Shangazi


Tanga, 17 Novemba 2025

Warda mwanangu,

Hujambo? Karudi? Siku mbili sioni neno. Simu yako inaita hadi inakatika, na hata ukipokea sitasikia, lakini napiga.

Nimekaa nikawaza. Labda kilio kile kilikuwa kilio kweli. Sikuinua ushungi wako kutazama. Nilikuwa na haraka, wageni walishakaa na pilau lilikuwa tayari. Ukisema hapana, rudi kwangu. Atakayekusema barazani ataonana na mimi.

Niandikie hata neno moja.

Shangazi yako, Time


Doha, Ijumaa, 21 Novemba 2025

Shangazi yangu kipenzi,

Assalaam alaykum, shikamoo tena na tena. Nisamehe kwa kukutia presha. Sisi wazima. Tumerudi Jumanne.

Siku ile alirudi magharibi, amelowa chapachapa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chake, na hasira imenipanda. Sikumpa hata taulo. Nikamwambia, "Na wewe Amiri, siku ile nani alikujibia?"

"Salum. Alikuwa wakili wangu."

"Wewe mwenyewe ulisema nini?"

Akafikiri. Siku ile hakuwa amesema kitu.

"Basi na mimi sijawahi kukusikia. Haya, nakuuliza. Unanitaka?"

Shangazi, yule mwanamume aliyeshusha hoteli nzima kwa ngazi aligeuka bubu. Akasimama maji yakimchuruzika kwenye zulia. Nikamngoja. Na katika kumngoja nikaogopa mno kwamba atasema hapana. Hapo ndipo nilipojua jibu langu. Siku ya ndoa sikuwa nalo, na sikulaumu, usingeweza kuliona kwa kuinua ushungi. Lilikuwa bado halijazaliwa. Limekuja huku, Ijumaa kwa Ijumaa, mimi sina habari.

Hatimaye akasema, "Nakutaka. Tangu siku uliyotoka uwanja wa ndege na begi umelifunga kamba." Nikasema, "Na mimi nimekuridhia, Amiri. Ninasema mwenyewe."

Akavua viatu.

Mwezi ujao tunahamia chumba Najma, ubavuni mwa chumba cha Damaris, kampuni zote mbili zimekubali. Leo Damaris kataka kuona picha za safari. Zipo nyingi za siku tatu za mwanzo, kisha zinakatika. Akauliza, "Na hizi siku zingine mlienda wapi?" Nikamwambia mvua ilinyesha sana.

Mke wa Amiri, binti ya kaka yako,
Warda