Mwezi wa Nne, kwa Sauti

Jumamosi, Iringa mjini. Baridi haijaachia tangu asubuhi, upepo unapita chini ya mlango. Nimekaa na koti ndani ya nyumba ya baba yangu na bado natetemeka.

Nimetoka Mbeya kwa ajili ya kodi. Mimi napiga video za harusi. Ofisi yangu ni chumba kimoja pale Mwanjelwa, juu ya duka la vitenge. Miaka yote nilikadiriwa kodi ndogo, nikalipa, nikanyamaza. Safari hii afisa aliniambia anaziona kazi zangu kila siku mtandaoni, basi nilete ritani, fomu ya kodi yenye mapato halisi ya mwaka jana. Hesabu siziwezi. Dada yangu Zuhura anaziweza. Ndiye anayetunza vitabu vya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Iringa. Nikachapisha taarifa ya malipo yote yaliyoingia kwenye simu yangu kwa miezi kumi na miwili, nikapanda basi.

Sikuisoma kabla ya kumpa. Hilo ni kosa la leo.

Kosa lenyewe ni la mwaka jana.

Baba alikuwa fundi cherehani, mtu asiyeomba. Mwezi wa nne alinipigia simu. Alisema anaona ukungu pembeni, na daktari amemwambia ni presha ya macho, apasuliwe upesi. Ilitakiwa laki sita. Nilimjibu, "Baba, mwezi huu sina hata mia." Nikamtumia elfu ishirini ya dawa ya matone, nikajiona mtoto mwema. Aliuza cherehani yake, Zuhura akakopa kazini. Walipofika hospitali ulikuwa mwezi wa nane na daktari hakuwa na cha kuokoa. Jicho la kushoto halioni kabisa. La kulia linajua tu kwamba kumekucha.

Leo Zuhura ametandaza karatasi kwenye mkeka, kalamu mkononi. Baba akajisogeza karibu.

"Soma kwa sauti, mama," alimwambia. "Na mimi nisikie mwanangu anavyopambana."

Alikuwa anajivunia mimi. Hicho ndicho ninachokirudia hadi sasa ninapoandika. Januari, Februari, Machi: kila harusi iliyotajwa aliitikia "mashallah", na mara moja akacheka.

Nikaona ukurasa unageuzwa.

"Dada, hapo ruka. Tutaurudia."

Hakuinua macho. "Kodi hairukwi, Idi."

Akasoma taratibu, hakuna alichomeza. Mwezi wa nne, tarehe tatu, milioni moja na laki mbili, harusi ya Rujewa. Tarehe tisa, laki nane. Tarehe kumi na moja, milioni mbili.

Mashallah haikusikika tena.

"Ni mwezi wa nne upi huo?" baba aliuliza.

"Wa mwaka jana, baba."

"Rudia."

Akarudia. Dada yangu angeweza kupunguza sauti. Hakupunguza, na simlaumu.

Baba aliuliza pesa zile zilifanya nini. Zuhura akanitazama kwa mara ya kwanza. Ilibidi nijibu mwenyewe: nilinunua droni. Hajui droni ni nini, nikamweleza. Ni kamera inayoruka, inapiga picha kutokea juu, maharusi wa siku hizi wanaitaka.

"Inaona mbali?"

"Inaona, baba."

Akatikisa kichwa kama mteja aliyetajiwa bei.

Zuhura aliendelea hadi Desemba. Droni akaiandika kwenye gharama za kazi, kwa hiyo imenipunguzia kodi. Akaijaza ritani kwenye simu yake, akaituma, ujumbe wa kupokelewa ukaingia papo hapo. "Serikali umemalizana nayo," alisema, akakusanya karatasi zake.

Ilipoadhiniwa alasiri nilisimama nimpeleke baba msikitini, kwani nikiwapo hapa kazi hiyo huwa yangu. Nikamshika mkono. Aliupapasa, akaujua ni wa nani, akauachia polepole, kwa adabu, kama unavyomrudishia mtu kitu chake.

"Zuhura yuko wapi?" aliuliza.

Wakatoka pamoja. Nilibaki mlangoni nikiwatazama wakiteremka, dada akimwambia palipo na jiwe, palipo na mtaro.

Hakunitukana. Hakunilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo mawili, ningeyabeba.

Sijamwomba msamaha. Maneno ninayo, ila kila ninapoyapanga nasikia yanavyofanana na yale ya "sina hata mia".

Basi la Mbeya linaondoka kabla ya adhana ya alfajiri, baba akiwa bado hajaamka. Tiketi nimeshakata.

Nitamwamsha?