Utepe Nilioukata kwenye Vazi la Kijani

Mpendwa Bi. Leopoldina,

Ninasoma safu yako ya ushauri gazetini, na leo naomba msaada; kwanza nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio: Jumatano iliyopita nilikata utepe wenye jina la bibi yangu kutoka kwenye vazi la jukwaani, nikauficha ndani ya kitabu cha Kemia, na tangu siku hiyo Kemia haisomeki.

Nina miaka kumi na sita na ninaandika vizuri kuliko ninavyosema. Mama yangu wa ubatizo, Otília, alianza kazi kwa kukata nguo katika nyumba ya mitindo huko Porto, akafika mahali nguo zake zikaonyeshwa Milano, kisha akachoka na mitindo akawa mpangaji wa maonyesho ya sanaa kwenye makumbusho, na sasa anatafiti historia ya wanawake wa revista, yale maonyesho ya zamani ya nyimbo, manyoya na dhihaka, ambapo msichana alivua glavu moja polepole huku akiwasuta mawaziri kwa wimbo na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Kila Jumatano baada ya shule ninamsaidia kukagua mavazi ya maonyesho hayo, kila moja likiwa na utepe wa jina la aliyelivaa. Washonaji wa kumbi zile hawakuondoa jina la mtu kwenye vazi. Msichana mwingine akipewa vazi hilo, utepe wake ulishonwa juu ya ule wa zamani, kwa sababu waliamini kwamba ukiondoa jina la mchezaji aliye hai, atavunjika mguu. Kazi yangu ni kufumua upande mmoja tu wa kila utepe, kuuinua kama ukurasa na kuupiga picha. Kukata ni mwiko.

Sasa, kwenye vazi la hariri ya kijani, chini ya utepe wa Zulmira fulani, nilikuta jina la bibi, lile la kabla hajaolewa, ambalo sitaliandika hapa, na nilijiambia ni mtu mwingine mpaka nilipoona mkunjo mdogo chini ya bega la kushoto, kwa maana bega la kushoto la bibi liko chini kidogo na nguo zake zote, hata ile ya misa, zina mkunjo huo huo mahali hapo hapo, basi mkono wangu ukachukua mkasi kabla sijafikiri.

Bibi huenda misa kila asubuhi. Binamu yangu alipokuja na sketi fupi alimwambia, "Mjukuu wangu, shati nimeliona, sketi umeiacha wapi?" Lakini akipiga pasi huimba puani wimbo usio na maneno, na mguu wake wa kulia hutoka kwenye kandambili na kunyooka, vidole vikielekea chini. Tangu utotoni nilidhani ni maumivu ya goti. Sasa nikiusikia wimbo ule ninaukumbuka ukumbi ambao sikuwahi kuingia, uliobomolewa kabla sijazaliwa, na ninatamani ningekuwa nimeketi humo.

Jumatano ile, nilipokwisha kukata, Otília aliniuliza, "Haya, mtoto wa vitabu, nani yuko chini kabisa?"

"Zulmira," nikasema.

"Basi Zulmira ndiye wa kwanza. Unaona? Wale maafisa wa udikteta walikata nyimbo zao kwa kalamu ya bluu, lakini majina yao hawakuyafikia."

Nilikuwa nimeshika mkasi nyuma ya mgongo. Kadi ya maelezo itakayowekwa kando ya vazi hilo kwenye maonyesho inapigwa chapa Ijumaa ijayo. Nikisema, bibi ataaibika mbele ya parokia nzima. Nikinyamaza, atafutika, na kalamu ya bluu nitakuwa mimi. Nifanye nini?

Msichana wa mtaa wa Graça

*

Binti wa Graça,

Pumua. Hujaua mtu. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Nani alikuambia bibi yako anaona aibu? Yeye? Hapana. Umeamua wewe, kwa dakika moja, ukiwa na mkasi. Wenye kalamu ya bluu nao walidai wanatulinda. Na usijidanganye kuhusu mama yako wa ubatizo: mtu aliyesoma mishono maisha yake yote ataona matundu ya sindano yasiyo na utepe. Anakungoja useme.

Nikiwa na miaka kumi na mmoja shangazi yangu alinipeleka revista, viti vya juu kabisa. Nyimbo nimezisahau. Ila shangazi alikuwa mjane asiyecheka, na siku ile alicheka mpaka akaangusha mkoba. Kicheko kile ninacho hadi leo, na aliyetuchekesha ni mwanamke mmoja mwenye manyoya, labda huyo huyo bibi yako. Ungependa asiwepo?

Fanya hivi. Jina ni lake, uamuzi ni wake. Akiwa anapiga pasi, weka utepe mezani, mbali na pasi, na usihutubu. Akikataa, mwambie Otília ukweli kuhusu mkasi, na kadi iseme kwamba mvaaji wa kwanza ameomba asitajwe. Huo nao ni ukweli. Akikubali, nenda naye. Kabla ya Ijumaa, si baada yake. Barua yako siichapi mpaka uniandikie tena.

Na Kemia usome.

Leopoldina

*

Mpendwa Bi. Leopoldina,

Nilifanya hivi. Jumatatu bibi alikuwa anapiga pasi mashuka. Niliweka utepe mezani, mbali na pasi. Aliutazama, akazima pasi.

"Nani kaukata?"

"Mimi, bibi."

"Kwa mkasi wa karatasi, naona. Tazama kingo hizi! Vitabu vyote hivyo, na kukata hujui."

Nikamuuliza kama anaona aibu.

"Aibu ya nini? Babu yako aliniona ndani ya vazi hilo hilo, yeye ameketi mstari wa tatu, mdomo wazi kama samaki. Tulipooana nikaacha, watoto wakaja, basi. Miaka yote hii humu ndani hakuna aliyeniuliza." Akakunja shuka. Kisha akasema, "Hata wewe, mwenye maswali ya kila kitu."

Kesho yake tulikwenda kwa Otília. Nilimweleza ukweli nikiwa natazama sakafu.

"Matundu niliyaona siku ile ile," akasema. "Nilikuwa nahesabu siku." Kisha akamvutia bibi kiti.

Bibi hakuketi. Alitoa sindano kwenye mkoba wake, akaomba uzi wa kijani, akaurudisha utepe mahali pake, chini ya ule wa Zulmira, kwa mishono ambayo Otília aliinama kuitazama. Alipomaliza alivaa miwani, akasoma kadi.

"Elfu moja mia tisa sitini na tatu? Nani kawadanganya? Ni sitini na mbili. Sitini na tatu nilishapewa vazi la dhahabu."

Otília alianza kucheka. Nilichukua kalamu nikaiandika kadi upya, na Ijumaa ikapigwa chapa hivyo.

Barua zangu sasa unaweza kuzichapa. Bibi ana sharti moja: jina lake la wakati ule ulichape kamili. Ermelinda Roxo.