Alama Chini ya Benchi

Jumatatu, 4 Machi

Kamati ya makumbusho leo. Mkurugenzi anataka mashua kuukuu ipigwe msasa ndani na nje, ing'ae. Na alama ya fundi aliyeiunda, chini ya benchi la nyuma? Uchafu, eti! Anataka kibao cha shaba — chenye jina lake yeye. Nikasimama, nikawasha moto wa maneno. Kaka yangu, fundi mkuu wa ukarabati, akanivuta sketi: Dada, kaa, sisi si viziwi.

Jumanne, 5 Machi

Makala yangu imetoka gazetini! Maneno mia tisa. "Kilichochongwa kwa patasi hakifutwi kwa cheo." Nimeisoma mara nne, ya tano nikamsomea kaka kwenye simu. Akauliza kama hiyo alama nimewahi kuiona. Swali gani hilo? Nimesoma vitabu sita kuhusu mashua!

Alhamisi, 7 Machi

Mkurugenzi kasalimu amri! Alama inabaki. Kesho anakuja kuiona binti wa yule fundi — bibi wa miaka themanini na moja. Hana picha ya baba yake, hana barua. Amebakiwa na hiyo tu. Kaka anasema itapanguswa kwa brashi kavu, basi. Uvivu wa mafundi.

Ijumaa, 8 Machi

Naandika haya nikiwa chooni, hapa karakana.

Niliwahi kabla ya watu. Nikatambaa chini ya benchi. Masizi matupu! Bibi wa watu angeona nini? Nikachovya kitambaa kwenye tina, ile ya kuoshea brashi za rangi, nikasugua kama nasugua sufuria. Masizi yakaondoka. Duara jeusi likaondoka nayo. Na mistari mitatu. Nikangoja michongo ijitokeze — ubao ukabaki laini kama kipara cha Mkurugenzi.

Kaka alikuwa nyuma yangu. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Ilikuwa rangi, Dada. Mzee wa watu aliipaka kwa brashi.

Mkurugenzi naye akaingia, meno yote nje: basi kaka yako aichonge upesi, nani atajua? Na wewe si umeshaandika kwamba ilichongwa?

Kaka kashika patasi. Ananingoja mimi niseme.

Mlango unagongwa. Si kaka.

Mwanangu, ni wewe uliyeandika gazetini? Toka basi, unionyeshe mkono wa baba.

Kitambaa bado ninacho. Cheusi tii.